Picha Walizopiga Watoto, Ziko kwa Nani?

Ukitaka kuupima mradi wa kuwafundisha watoto kupiga picha, acha kwanza kuzitazama picha zenyewe. Uliza ziko wapi. Nenda nyumbani kwa mtoto aliyezipiga, hapa Dodoma, Chang'ombe, Nkuhungu au Ntyuka, uone kama kuna hata moja iliyobandikwa ukutani. Mara nyingi hutaikuta. Zimo kwenye kompyuta ya mfadhili, kwenye ripoti ya mwaka na kwenye ukurasa wa mtandao wenye maelezo ya Kiingereza ambayo mama wa mtoto hawezi kuyasoma. Mtoto mwenyewe amebakiwa na fulana yenye nembo na kumbukumbu ya siku aliposhika kamera ya watu.

Naandika haya nikiwa naiunga mkono kazi hiyo. Wanaoibeza hawakosi hoja, na hoja yao huku kwetu huwa ni moja: mtoto hana daftari, wewe unampelekea kamera? Ni swali la haki, ila linasahau kwamba Ugogo, nchi ya Wagogo, haujawahi kusubiri watoto wapate viatu ndipo uwafundishe kuimba. Mtoto hushika zeze na ilimba, vyombo vyetu vya muziki, mapema, akiwa bado anachunga ndama, na katika mila hiyo ndimo alimotoka Hukwe Zawose, ambaye sauti yake ilisikika kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani kabla hajafariki mwaka 2003. Hakuna aliyemwambia amalize kwanza umaskini.

Tofauti ni kwamba wimbo haumtoki mwimbaji. Mrekodi utakavyo, ondoka na kanda, yeye ataendelea kuuimba kesho na kuwafundisha wadogo zake. Picha ikishaondoka na mgeni imeondoka. Ndiyo maana mpangilio mzima wa kumfundisha mtoto picha unatakiwa uanzie kwenye swali la nani atabaki nazo, na ndilo swali ambalo miradi mingi huliacha mpaka siku ya kufunga maonesho, wakati magari yanasubiri nje.

Dodoma ina historia ndefu ya kupigwa picha na watu wengine. Ni nchi kavu. Mvua yake ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Wazee wanaitaja njaa ya Mtunya, iliyowaua Wagogo wengi kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua chakula na mifugo na ukame kumalizia kilichobaki. Tangu hapo njaa ikawa ndiyo sura ya mkoa machoni pa watu wa nje. Ongeza utani wa Dar es Salaam kwamba kila ombaomba ni Mgogo. Ongeza picha za watoto wenye nzi machoni. Nzi hao walikuwa na ukweli wao, maana trakoma, ugonjwa wa macho unaoenezwa pia na nzi, ilikuwa tatizo kubwa wilayani Kongwa na watafiti wameufuatilia ugonjwa huo pale tangu miaka ya 1980. Lakini ni mara ngapi umeona picha ya upande wa pili, ya mama wa Kongwa akimnawisha mtoto uso asubuhi? Kampeni za kunawisha nyuso zilikuwepo, na akina mama walizibeba wao. Kamera zilipenda nzi.

Hapo ndipo wengi hurukia jibu rahisi: basi kamera ihamie mkononi mwa mwenyeji, na mambo yatajinyoosha. Sikubaliani nao, na sababu yangu ina jina. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na akiwa mwanafunzi akajipatia kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika. Hakuwa na mradi wala mfadhili. Mwaka 1963 alikuwa tayari ameanzisha Camerapix, kampuni yake mwenyewe, pale pale Dar es Salaam. Ni mfano mkubwa kuliko wote ninaoujua wa mtoto aliyepata kamera hapa nchini ikambadilishia maisha. Na ni huyo huyo ambaye Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizunguka dunia, zikafungua mikono ya watu na kuzaa matamasha ya Live Aid ya mwaka 1985, ya kuchangia wenye njaa. Ziliokoa maisha, hilo halina ubishi. Pia zilisaidia kuukaririsha ulimwengu jinsi mtoto wa Kiafrika anavyotakiwa kuonekana pichani: amekonda, amekaa chini, anamtazama mtu aliyesimama. Aliyezipiga hakuwa mgeni kutoka mbali. Mwenyeji naye akiuza picha, huuza ile yenye mnunuzi.

Watoto wanalijua hili kabla hatujawafundisha. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la namna hii nikasikia mwalimu akitoa kazi ya kwanza: kapigeni picha za changamoto za mtaa wenu. Wakarudi na walichotumwa. Dampo, choo kisicho na mlango, mtaro uliojaa maji machafu, mdogo wao akiwa hana nguo. Mwalimu akafurahi sana, akawapigia makofi, na wiki iliyofuata madampo yakaongezeka. Sikushangaa. Mtoto anayeuza karanga stendi anajua uso wa namna gani humfanya abiria aingize mkono mfukoni, na hakuna sababu ya kudhani ataupoteza ujuzi huo akishika kamera. Tulikuwa tunamfundisha kuomba kwa kutumia kifaa cha bei kubwa.

Sisemi dampo lisipigwe picha. Liko pale, linanuka, na wanaoishi nalo wana haki ya kulisema. Ila picha ya shida inahitaji anwani. Ikiwa ni bomba lililokauka wiki nzima, picha hiyo iende DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na nakala kwa mtendaji wa kata, ikiwa na tarehe na jina la mtaa, na watoto waambiwe majibu yaliyorudi, hata kama majibu yenyewe ni kimya. Hapo mtoto anajifunza kwamba picha ni ushahidi na kwamba ushahidi una mahali pake pa kupelekwa. Ikienda kwenye ukumbi wa maonesho London peke yake, bomba linabaki limekauka na picha imeshakuwa pambo.

Wazo la kuwapa kamera watu wasio na sauti si geni, na waliolitangulia wametuachia mafunzo. Mmarekani Wendy Ewald alianza mwaka 1969 na watoto wa jamii za wenyeji asilia nchini Kanada, kisha akaenda kwa watoto wa milimani Kentucky, na kilichomtofautisha ni kwamba picha kwake zilikwenda pamoja na kuandika: mtoto anapiga, anaeleza, anaandika. Mbinu yake ilifika mpaka Arusha, ambako walimu wa shule za msingi walifundishwa kuitumia darasani. Katika miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wakulima wa jimbo la Yunnan, China, na wakasisitiza kwamba picha zizungumziwe na wapigaji wenyewe mbele ya viongozi wanaohusika. Kolkata, India, Zana Briski aliwafundisha watoto wa Sonagachi, mtaa wa madanguro. Filamu ya kazi hiyo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2005, picha zikanadiwa ili watoto wasome, na huko huko Kolkata kukawa na malalamiko kwamba akina mama wa watoto hao wameoneshwa vibaya huku mwalimu akitoka shujaa.

Wa karibu yetu zaidi ni Mathare, Nairobi. Mwaka 1997 Lana Wong alianza mradi wa Shootback na vijana wa MYSA, chama cha michezo cha mtaa huo, wakiwa na kamera za plastiki za bei ya chini kabisa. Mmoja wao, Julius Mwelu, akawa mpigapicha wa kazi na baadaye akarudi kuanzisha taasisi ya kufundisha wengine pale pale. Watu wakiusimulia mradi huo hutaja kamera. Mimi natazama MYSA. Chama kilikuwepo kabla ya kamera, kilikuwa na viwanja, viongozi na ratiba, na mgeni alipomaliza kazi yake vijana walikuwa na mahali pa kuendelea kukutana. Huku kwetu mahali hapo panaweza kuwa kwaya ya kanisa, madrasa, timu ya mpira ya mtaa au klabu ya shule. Mradi unaokodi ukumbi wa hoteli kwa siku tano hauna mahali hapo, na siku ya sita watoto hawana pa kwenda.

Sasa niseme kuhusu somo lenyewe, maana humo ndimo ninamoona tumekopa mengi bila kuyachuja.

Chukua picha ya bibi. Mtoto aliyelelewa Dodoma hawezi kumwelekezea mtu mzima kamera bila neno. Atasema shikamoo, ataitikiwa marahaba, huenda na "mbukwa" ya huku ikafuata na habari za nyumbani zikaulizwa, kisha ndipo aombe: "Bibi, naomba nikupige picha." Naye bibi atasema nini? "Subiri kwanza, mume wangu," maana ndivyo bibi amwitavyo mjukuu wa kiume, na ataingia ndani. Atakaa humo. Akitoka amevaa kitenge cha sikukuu, amejifunga kilemba, amebeba kiti. Anakaa wima, mikono magotini, anaikabili lenzi, hacheki. Na anataka miguu yake yote ionekane, kwa sababu picha inayomkata mtu miguu imemwonesha nusu.

Mwalimu aliyesomea kazi hii kwingine ataitazama picha hiyo na kusema imekakamaa. Atamwambia mtoto angemwahi bibi akiwa hajui, anapeta uwele, vumbi linaruka, jua la jioni linapenya. Nakiri hiyo nayo ni picha nzuri. Lakini picha ya kiti na kitenge ina ukoo wake. Imetoka kwenye studio za miji yetu, zenye pazia lililochorwa maua na bustani, ambako mpigapicha mwenye kamera yake ya Yashica alikuja akakuinua kidevu kwa kidole kabla ya kurudi nyuma na kukuambia usipepese. Watu walikwenda studio ili waonekane walivyotaka kuonekana, wakalipa fedha zao, wakaenda na picha nyumbani. Mtoto anayemsubiri bibi abadilishe nguo amejifunza adabu na upigaji picha kwa wakati mmoja. Anayefundishwa kumvizia amejifunza kwamba akiwa na kamera adabu za nyumbani hazimhusu. Mimi ningeanza na kiti. Kuvizia atajifunza akiwa mkubwa, kama atapenda, na mtu wa kwanza kumvizia awe mwalimu wake.

Baada ya kiti kuna mwanga, na hapa Dodoma mwanga ni mwalimu mkali. Mji uko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Kiangazi mawingu ni machache na ardhi inarudisha mwanga juu. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe anatoka pichani kama kivuli chenye meno. Watoto hulia na hili. Hufikiri simu ni mbovu, na wengine, jambo baya zaidi, hufikiri tatizo ni rangi yao. Ni lazima waambiwe ukweli, tena mapema: kamera hukadiria mwanga kwa wastani wa kila inachokiona, ikikuta anga linawaka inapunguza, na uso ndio unaoumia. Dawa yake ni kumgusa mtu usoni kwenye kioo cha simu, kisha kupandisha alama ya jua. Au kumhamisha chini ya mbuyu au barazani, kwenye kivuli kinachopata mwanga wa pembeni, ukuta ukiwa nyuma yake badala ya anga.

Wakishaelewa hilo wasimuliwe na historia yake. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi mikanda ya rangi ya Kodak ilivyopimwa kwa miongo kadhaa kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley, na jinsi malalamiko yaliyosikika yalivyotoka kwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Nyuso za watu zilisubiri chokoleti. Halafu waambiwe na ya pili: kampuni ya Transsion ya China, inayotengeneza simu za Tecno, itel na Infinix, ilipata soko Afrika pamoja na mengine kwa kurekebisha kamera zake zifae ngozi nyeusi. Mtoto wa darasa la sita akizisikia hadithi hizo mbili anaelewa kwamba mashine ina mtu nyuma yake aliyeamua, na kwamba maamuzi hayo hubadilika. Sijui somo gani la uraia linaloweza kulieleza hilo kwa haraka zaidi.

Nyenzo zisitutishe. Kabla ya simu, ingieni kwenye tembe. Nyumba hii ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo na vidirisha vidogo, ni giza mchana kweupe. Zibeni kila upenyo kwa vitenge, acheni tundu moja la ukubwa wa punje ya mahindi upande wa jua, tundikeni shuka jeupe mkabala wake, kaeni kimya mpaka macho yazoee. Uwanja wa nje utatokea kwenye shuka kwa rangi zake, mbuzi na mbuyu na mtu anayepita, vyote miguu juu kichwa chini. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza jambo hilo akiwa Cairo miaka elfu moja hivi iliyopita. Watoto watapiga kelele, watatoka nje kuchezea uwanjani ili wenzao wawaone wakining'inia, na hapo umeshafundisha jinsi kamera inavyofanya kazi bila kutumia shilingi. Tembe zinapungua mwaka hadi mwaka, bati linachukua nafasi, kwa hiyo anayetaka kulifanya somo hili asikawie.

Ukija kwenye fedha, bajeti nyingi nilizoziona zimesimama kichwa chini vilevile. Sehemu kubwa inakwenda kwenye kamera za kubadilisha lenzi, ambazo vumbi la Julai na Agosti litaziua, na ambazo mtoto hatazigusa tena mradi ukiisha. Kusafisha picha hakumo. Na bei ya kamera moja ya aina hiyo, hata ya daraja la chini, inalipia mamia ya picha kwenye studio za mtaani. Simu mbili tatu zilizotumika, zenye kioo kizima, zinatosha watoto kumi wakipokezana. Kupokezana kwenyewe ni somo, kwa sababu ukiwa na zamu ya dakika kumi unafikiri kabla ya kubonyeza. Fedha iliyobaki iende kwenye karatasi. Kila mtoto asafishiwe picha zake, azitandaze mezani, achague moja ya kwenda nayo nyumbani, moja ya kumpa aliyepigwa na moja ya kubaki darasani, aeleze kwa maneno yake kwa nini ameiacha ile nyingine. Hapo pa kuchagua ndipo darasa lilipo. Kubonyeza hata mtoto wa miaka mitatu anabonyeza.

Na tusisahau kwamba kwa watoto wengi wa familia hizi picha ya kwanza ya karatasi ni ya paspoti, ile ya fomu ya shule: ukuta wa bluu nyuma, uso umeganda, na yenyewe imebandikwa kwenye faili la ofisi. Kumpa mama picha ya mwanawe ambayo haikudaiwa na ofisi yoyote ni jambo kubwa kuliko cheti chochote cha kuhitimu mafunzo.

Kuna vikwazo vya kweli. Simu kwa mwanafunzi shuleni ni marufuku, kwa hiyo darasa lifanyike baada ya masomo au vifaa viwe vya mwalimu na vikae kwa mwalimu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo na lingine la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu mkuu mwenye moyo anaweza kuupenyeza mradi humo, hasa kwa kazi za kuwapiga picha wazee na kuandika simulizi zao. Msimu nao una masharti. Uwele na mtama vikianza kukomaa, watoto wa vijijini wako shamba wakiamia kweleakwelea, na mradi utakaowaita Aprili utapata wasichana wachache na wavulana wasio na shamba. Wasichana nao wana foleni ya maji. Ukipanga kipindi saa wanazochota, usije ukaandika kwenye ripoti kwamba wasichana hawakuonesha mwamko.

Na hapa ni makao makuu ya nchi. Mtoto akitoka na kamera kutoka Chang'ombe, hana safari ndefu kabla ya kukutana na jengo lenye mlinzi. Kuna Bunge, kuna ofisi, kuna Mji wa Serikali kule Mtumba, kuna kambi, na picha za maeneo ya jeshi na ya ulinzi zimekatazwa. Mlinzi hatatofautisha zoezi la darasa na upelelezi, atachukua simu. Mradi makini huanza kwa barua kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi kata, na watoto huvaa kitambulisho. Ni usumbufu, najua. Kumtoa mtoto wa miaka kumi na moja kwenye kibanda cha mlinzi ni usumbufu zaidi.

Sheria iko upande wao zaidi ya inavyodhaniwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika kifungu cha 13 haki ya kujieleza kwa njia anayoichagua mwenyewe, sanaa ikiwemo, na kifungu cha 16 kinamlindia faragha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua haki yake ya kutoa maoni na kusikilizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Sasa linganisha na fomu ya ridhaa niliyowahi kuishika: kurasa nne za Kiingereza, na chini dole gumba la mama. Humo aliikabidhi taasisi haki ya kutumia picha za mwanawe popote, milele, bila malipo. Nilimuuliza amesaini nini. Akajibu, "Ya kamera, mwanangu." Ridhaa ya namna hiyo haina tofauti na kuvizia. Iandikwe Kiswahili, isomwe kwa sauti, kwa Kigogo au Kirangi ikibidi, iwe ya picha fulani kwa matumizi fulani, na iseme wazi kwamba mwenye picha ni mtoto aliyeipiga.

Kuhusu ajira sina maneno mengi. Wapo wanaoishi kwa kamera hapa mjini: mahafali, kipaimara, sendoff, harusi, wengine wanabeba printa ndogo na kukupa picha papo hapo. Soko limejaa na kila mgeni mwalikwa ana simu. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi kwamba picha zitamtoa kimaisha, unamdanganya. Mwambie atajifunza kutazama, kuchagua na kuandika maelezo yanayoeleweka. Akipata kazi huko mbele, ni heri.

Kuhifadhi ndiko kunakonisumbua zaidi. Kaskazini ya Kondoa mjini, kwenye miamba ya Kolo, kuna michoro ya watu na wanyama iliyochorwa kwa udongo mwekundu, mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 katika eneo lililoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora hatuwajui kwa majina. Lakini michoro iko ilipochorwa, na baadhi ya maeneo hayo wenyeji wanayaendea mpaka leo kwa matambiko ya mvua. Ndivyo mikoa yetu ya kati ilivyokuwa na picha zake kabla hajaja mtu na kamera. Picha za watoto wa miradi ya miaka iliyopita, zilizopigwa juzi tu, ukizitafuta hapa Dodoma hujui uanzie wapi, kwa sababu zimehifadhiwa kwenye akaunti za watu waliokwishahama.

Dodoma ina maktaba ya mkoa. Ina kuta, ina kabati, ina mtu anayelipwa kutunza makaratasi, na haidai viza. Kila darasa likiacha pale albamu moja, picha zikiwa na jina la mpigaji ikiwa yeye na wazazi wake wameridhia, tarehe na maelezo ya Kiswahili, basi mtoto akifika miaka thelathini atajua pa kwenda kuiangalia picha ya bibi yake. Anayepanga kuanza mradi mwaka huu aende kwanza kuzungumza na mkutubi, kabla ya kwenda dukani kuulizia bei ya kamera.